UZI: Kupanga vipande vya fenicha kwenye plaiwudi kabla ya kukata na CNC, kazi ileile nimeitoa bodi 23 hadi 14

#1 · Mleta uzi · Dar es Salaam

Habari za muda huu wakuu. Nina karakana ya fenicha huku Dar, tuna CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) ya 1325, yaani meza yake ni mm 1300 kwa 2500, mwaka wa tatu sasa tunaitumia. Nimeona vijana wengi wanaingia kwenye hii kazi na wakija kuuliza maswali ni yaleyale, mashine ya aina gani, spindo (mota inayozungusha biti) kilowati ngapi, biti (kisu cha kukatia) nunue wapi. Sijawahi kuulizwa swali la mpangilio, yaani vipande unavilazaje kwenye bodi, wakati hela yako yote inapotelea hapo hapo. Mashine ikishakata imekata, haina kurudisha.

Sasa niwape mfano wa kazi halisi, na namba zake zote, mchukue kalamu mzihakiki.

Shule moja ya chekechea ilitaka meza 20 za kukaa watoto wawili wawili na stuli 40, marine bodi (plaiwudi inayostahimili maji) ya mm 18, kila kitu kinapachikwa kwa ulimi na tundu pamoja na gundi, hakuna skrubu hata moja. Vipande ni hivi:

Meza: uso 1200 x 600, miguu miwili ya 530 x 500 (ina umbo la mlango, katikati kuna uwazi wa 340 x 400 unaofunguka chini), na mtambo, yaani ubao wa kuunganisha miguu, 1000 x 200.
Stuli: kikalio 300 x 300, ubavu mbili za 310 x 280, na kiungo kimoja 260 x 100.

Bodi ni 2440 x 1220. Mimi naacha mm 15 kila ukingo kwa hiyo ninayoitumia ni 2410 x 1190, na kati ya kipande na kipande naacha mm 10.

Mpango wangu wa kwanza nilipanga kama nilivyozoea kwenye msumeno, kila aina ya kipande na bodi yake. Nyuso za meza zikaingia mbili tu kwa bodi kwa sababu 600 na 600 na ile 10 ya katikati ni 1210, na mimi nina 1190. Milimita 20 tu! Kwa hiyo nyuso 20 zikala bodi 10. Miguu nane kwa bodi, bodi 5. Mitambo kumi kwa bodi, bodi 2. Vikalio 21 kwa bodi, bodi 2. Ubavu wa stuli 28 kwa bodi, bodi 3. Viungo nusu bodi ila bodi ni bodi, 1. Jumla 23. Nikampigia hesabu mteja akaguna, akasema atatafuta fundi mwingine.

Usiku ule sikulala vizuri, nikarudi kwenye mchoro. Nikajiuliza hivi hii 600 imetoka wapi? Mwalimu hakuja na futi akasema nataka 600, ni mimi niliiandika kwa mazoea. Nikaipunguza ikawa 590. Basi angalieni, 590 + 10 + 590 = 1190. Na 1200 + 10 + 1200 = 2410. Nyuso NNE kwenye bodi moja, hakuna hata kibanzi kilichobaki, nyuso 20 ni bodi 5. Nimeokoa bodi tano kwa kukata milimita 10 ambazo mtoto wa chekechea hatakaa azione.

Halafu miguu. Ule uwazi wa 340 x 400 katikati ya mguu nilikuwa naukata natupa. Kikalio cha stuli ni 300 x 300, kinaingia humo ndani na nafasi ya mm 20 kila upande. Miguu ni 40, vikalio ni 40. Vikalio vyote vikahamia kwenye tumbo la miguu, bodi 2 zikafutika.

Kwenye bodi ya miguu (minne kwa urefu wa bodi, safu mbili) inabaki nguzo ya 370 pembeni na utepe wa 110 juu. Mtambo ukiwa 180 badala ya 200 basi 180 + 10 + 180 = 370, mitambo miwili imesimama pale. Na kwenye utepe wa 110 viungo vya stuli vinane vinajipanga kwa mstari. Bodi tano mara nane, viungo 40 vyote vimeisha. Mitambo 10 iliyobaki ikachukua bodi moja, ubavu wa stuli bodi 3. Jumla 5 + 5 + 1 + 3 = 14.

Kazi ileile, idadi ileile, bodi 14. Mteja nilimrudia asubuhi na bei mpya na kazi nikaipata.

Ninachotaka kusema wakuu, mpangilio hauanzi kwenye programu, unaanza pale unapoandika kipimo cha kwanza. Bodi ina vipimo vyake na haibembelezeki, kipimo chako ndicho kinachoweza kusogea. Naomba tuchangie, nimeeleza cha kwangu na najua humu kuna wanaojua zaidi.


#2 · Mwanza

Mkuu huu uzi nimeusoma mara mbili nikiwa na kalamu kama ulivyosema. Swali langu dogo, kwa nini mm 15 pembeni na mm 10 katikati? Biti yako si ya 6? Ukiweka 6 katikati si unaokoa zaidi? Na pembeni ukiweka 5?


#3 · Mleta uzi · Dar es Salaam

Swali zuri mkuu. Biti ni ya 6 kweli, na njia ya biti inapita nje ya mstari wa kipande, kwa hiyo inakula 6 kamili kati ya vipande viwili. Ukiacha 6 juu ya 6 maana yake biti inayokata kipande A inapita inakwaruza ukingo wa kipande B ambacho labda kimeshakatwa na hakijashikwa vizuri. Ukiacha 10 inabaki nyama ya mm 4 hivi katikati (mpaka ukate cha pili) na bodi inabaki imeshikana. Ukiweka chini ya 6 ndiyo balaa kabisa, unakula kipande cha jirani na programu nyingine haikuambii kitu.

Pembeni naacha 15 kwa sababu kingo za bodi mara nyingi zimepondwa njiani, pembe ndizo zinashushwa chini kwanza kwenye lori. Pia bodi siyo lazima iwe na pembe mraba, pima mlalo wa pembe kwa pembe zote mbili utaona zinatofautiana mm 2 au 3. Na mimi sina vakyumu ya kunyonya bodi ikae kwenye meza, nashika bodi kwa skrubu pembeni, sasa skrubu inataka mahali.

Hapo kwenye skrubu ngoja niwaambie. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazifunga kwa macho tu, hapa na pale, kisha nawasha. Siku moja biti inaenda mizunguko 18,000 kwa dakika ikakutana na kichwa cha skrubu. Cheche ya bluu, mlio kama risasi, kipande cha biti kikapita kikachoma kwenye ubao wa dari, kipo mpaka leo. Kijana wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Tangu siku hiyo skrubu zinachorwa kwenye faili kama vipande vingine, zina tabaka lake, duara moja kwa kila skrubu, na hakuna kitu kinapangwa juu yake. Mashine inaanza kwa kutoboa alama za skrubu, inasimama, tunafunga pale pale kwenye alama, ndiyo inaendelea. Tafadhali sana msikatize hiyo hatua.


#4 · Nairobi

Boss salamu kutoka Nairobi. Mimi niko upande wa panel saw (msumeno wa kupasua bodi), miaka kumi na mbili. Nataka kuongeza kitu halafu nikupinge kidogo kwa heshima.

Cha kuongeza, watu waelewe tofauti. Msumeno wa meza unakata kutoka ukingo hadi ukingo, hauwezi kusimama katikati ya bodi ukakunja kona. Kwa hiyo mpangilio wa msumeno lazima uwe wa mapande, unapasua kwanza vipande virefu halafu unavikatakata. Hiyo ya kuweka kikalio ndani ya mguu haiwezekani kwetu. Ndio maana programu nyingi za cutlist (orodha ya vipande vya kukata) zinapanga mistatili tu na kwa kupasua, ukizitumia kwa CNC unakuwa umelipia mashine kubwa halafu unaitumia kama msumeno.

Cha kukupinga ni hii. Umesema umeokoa bodi tano kwa kutoa milimita 10. Nimekaa nikapanga kwa ile 600 yako ya kwanza. Nyuso mbili zinakaa safu moja, juu inabaki utepe wa 580 kwa 2410. Mguu wako ni 530 kwa 500, unaingia kwenye huo utepe, minne! Yaani bodi moja inatoa nyuso mbili na miguu minne, meza mbili kasoro mitambo, na vikalio vyake tumboni. Na kwenye pembe inabaki 370 kwa 580, ubavu mbili za stuli. Kwa bodi 10 nina nyuso zote, miguu yote, vikalio vyote na ubavu 20. Mitambo bodi mbili, kando yake nikaweka ubavu na viungo, ubavu uliobaki bodi mbili, na viungo vichache vikanishinda. Nikahesabu bodi 15 kwa usalama, bila kumgusa mteja hata milimita moja.

Kwa hiyo kilichokumaliza kwanza siyo 600, ni kutenga kila aina na bodi yake.


#5 · Mleta uzi · Dar es Salaam

Mkuu wa Nairobi nimekaa nikakuhakiki na uko sahihi kabisa, kutoka 23 hadi 15 ni kuchanganya, kutoka 15 hadi 14 ndiyo vipimo. Nashukuru, nilikuwa naisimulia vibaya. Wanaosoma wachukue hiyo ya Nairobi kama ndiyo hesabu.

Tena mpango wako una faida nyingine ambayo sikuiwaza, kila bodi inatoa meza mbili karibu kamili. Shule ikitaka meza sita kwanza wiki hii unakata bodi tatu na mitambo, unapeleka. Kwa mpango wangu ilibidi nikate bodi ya nyuso na bodi ya miguu ndiyo nianze kuunga meza ya kwanza. Na bodi ikiharibika kwako unajua umepoteza meza gani.

Ukichanganya ila lazima uandike namba kwenye kila kipande. Ubavu wa stuli na kipande kingine cha karibu ukubwa huo vikilala kwenye rundo moja utaviunga tofauti na gundi ikikauka umekwisha. Sisi mashine inachonga namba kina cha mm 0.5 kwenye upande ambao hautaonekana, kwa mfano M07 ni mguu wa meza ya saba.


#6 · Arusha

Kaka mleta uzi shikamoo, na hongera kwa kuweka namba wazi. Mimi ni dada seremala, nafanya vitanda na makabati. Nimekwama kwenye miguu yako. Umesema minne kwa urefu wa bodi safu mbili, 500 x 4 na nafasi ni 2030, kwa hiyo upana wa mguu ndio umelala kwenye urefu wa bodi. Sasa nyuzi za uso wa plaiwudi kwa kawaida zinafuata urefu wa bodi, ile 2440. Maana yake nyuzi za nje kwenye miguu yako zinalala mlalo, na mguu wenyewe una nguzo za mm 80 tu kila upande.

Najua plaiwudi ina tabaka zinazopishana na ndani kuna zinazosimama. Ila uso na mgongo ndizo zinazofanya kazi kubwa kitu kikipinda, na uso ukiwa mlalo kwenye nguzo nyembamba mtoto akiuegemea kwa pembeni au mhudumu akiukokota sakafuni ndipo unaanza kubanduka kwenye kona. Umeliona hilo au bado?


#7 · Mleta uzi · Dar es Salaam

Marahaba dada. Umenishika pazuri na nitasema ukweli wote.

Nimeliona. Miezi minne baada ya kupeleka nilipita pale shuleni kuangalia. Meza tatu zilikuwa zimebanduka uso kwenye kona ya ndani ya mguu, pale nguzo inapokutana na juu, kipande cha tabaka ukubwa wa ukucha. Watoto wanapitisha vidole pale pale. Nilizichukua nikazipiga gundi na msasa nikarudisha bila malipo, na moyo uliniuma kwa sababu mpangilio ule niliusifia sana.

Nilipopata oda ya pili ya meza na stuli zilezile nikaigeuza miguu, 530 ikalala na urefu wa bodi. Minne ni 2150, safu mbili ni 1010. Juu unabaki utepe wa 170 kwa 2410 na pembeni nguzo ya 250. Mtambo nikaushusha uwe 170. Miwili inalala kwenye utepe, na nyuzi zake zikiwa kwa urefu kama inavyotakiwa, na mmoja unasimama kwenye nguzo. Mitatu kwa bodi, bodi tano ni mitambo 15. Mitano iliyobaki pamoja na viungo vyote 40 vya stuli vinaingia bodi moja na nafasi inabaki. Nyuso 5, miguu 5, hiyo moja, ubavu 3, jumla ni 14 vilevile!

Yaani nyuzi sahihi hazikunigharimu kitu. Nilikuwa tu sijauliza. Siku hizi mshale wa nyuzi nauchora kwenye kila kipande kabla ya kufungua programu ya kupanga. Rafu na mitambo mshale unafuata urefu, miguu mshale unasimama, vikalio vya mraba popote, viungo vidogo popote. Ile mitambo mitano iliyosimama, mmoja kwa kila bodi ya miguu, naiweka kwenye meza za karibu na ukuta, haina mzigo mkubwa.


#8 · Dodoma

Wakuu mnapanga kwa mkono au kuna programu? Mimi nina SketchUp tu na nimechoka kusogeza vipande na mausi mpaka saa nane usiku.


#9 · Mleta uzi · Dar es Salaam

Nafanya vyote. Kazi ya mistatili mitupu naipanga kwa mkono kwa kuwa naijua hesabu yake, dakika ishirini imeisha. Kazi yenye maumbo ya kupinda, viti hasa, naiachia Deepnest, ni ya bure, unaipa faili la SVG (faili la mchoro) inazungusha vipande na kujaribu tena na tena, inabakiza mpangilio mzuri kuliko uliopita. Iache ikiwa inaendelea ukale chakula, dakika kumi za kwanza inapata sehemu kubwa na baada ya hapo inaokota kidogo kidogo. Na inajua kuweka kipande ndani ya uwazi wa kipande kingine.

Ila vitu viwili muwe navyo macho.

Kwanza mzunguko. Yenyewe inakuja ikiwa inaruhusu kuzungusha mara nne, yaani inaweza kulaza kipande upande wowote. Weka mbili, ibaki kama kilivyo au kigeuke kichwa chini, hapo nyuzi zinabaki salama. Ukisahau utapata mpangilio mzuri sana machoni na rafu zitapinda katikati zikibeba vitabu.

Pili kipimo. Faili za SVG zinahama kati ya programu moja na nyingine na kila moja ina hesabu yake, moja inahesabu alama 72 kwa inchi nyingine 96. Kipande cha 400 kinafika upande wa pili kikiwa 300 na mpangilio unaonekana umekaa vizuri kweli, bodi moja inatosha kila kitu, unafurahi. Mimi kwenye kila faili naweka mraba wa 100 x 100 kwenye kona. Kabla ya kutengeneza njia za biti naupima ule mraba. Ukiwa siyo 100 nasimama.


#10 · Mafinga

Niko huku Mafinga, plaiwudi naiona inatoka kila siku, msonobari na mkaratusi. Naomba niseme kuhusu unene kwa sababu hapa wengi mnaandika 18 kana kwamba ni 18.

Bodi inaitwa 18 lakini ukiipima unakuta 17.3, 17.6, hata 18.2, na bodi moja inaweza kutofautiana katikati na pembeni. Inasindikwa kwa joto na mgandamizo kisha inapigwa msasa, na ikisafiri mpaka pwani kwenye unyevu inavimba kidogo. Kwa mtu wa skrubu haina shida. Kwa mtu wa ulimi na tundu kama mleta uzi ndiyo kila kitu, tundu la 18 kwa bodi ya 17.3 meza inacheza, tundu la 17.3 kwa bodi ya 17.8 unapiga nyundo mpaka tabaka linapasuka.


#11 · Mleta uzi · Dar es Salaam

Asante mkuu wa Mafinga, hili ndilo nililolisahau kwenye uzi.

Mimi bodi zikishushwa napima kila bodi sehemu tano kwa kalipa (kipimo cha unene), pembe nne na katikati ya upande mmoja, naandika kwa penseli juu yake. Naziweka kwenye mafungu. Bodi za 17.4 zinaenda kazi moja, za 17.8 nyingine, na hapo mpangilio unagusika tena, kwa sababu ulimi na tundu lake visitoke kwenye bodi za mafungu tofauti. Unene wa ulimi ni unene wa bodi yake, siyo wa mchoro.

Kisha kwenye kona iliyobaki ya bodi ya kwanza nakata kipande cha majaribio, mkono mmoja hivi, kina matundu manne ya 17.4, 17.6, 17.8 na 18.0, na nachukua kibanzi cha bodi ileile naingiza. Nataka kinachoingia kwa kusukuma na kiganja, kisitake nyundo na kisianguke nikikigeuza. Ile nafasi ndogo inayobaki ni ya gundi.

Na pembe za ndani jamani. Biti ni duara, kila pembe ya ndani inabaki na mviringo wa mm 3. Ulimi una pembe kali, hauwezi kukaa. Lazima uchore kitundu kidogo kwenye kila pembe ya tundu, sisi tunaviita masikio, biti inaingia kidogo kwenye kona kisha inatoka. Panga masikio yaangalie upande utakaofichwa na kipande kingine. Vijana wangu walisahau masikio kwenye matundu 160, tulikaa siku mbili na patasi.


#12 · Mombasa

Maalim wa CNC salaam aleikum. Sisi huku Mombasa twakata zaidi mashubaka na nakshi, vipande vidogo vidogo vingi, na tatizo letu kubwa ni vipande kuruka. Kipande cha 100 kwa 260 kikishakatwa chote hakina kinachokishika, biti yakichukua na kukipiga. Sisi twafanya hivi: vipande vidogo twavipanga katikati ya bodi, vikubwa pembeni, na twavikata vidogo kwanza bodi ikiwa bado nzito na imekaa. Na vya ndani kabla ya vya nje, daima. Kile kikalio chako lazima kikatwe kabla ya uwazi wa mguu, na uwazi kabla ya mguu kwa nje. Ukianza na mguu basi ushaukata kamba ya mashua kabla hujashusha mzigo.

Halafu twaacha ganda jembamba la nusu milimita chini kwenye mzunguko wote, mwisho kabisa mashine yarudi yalimaliza kwa pole. Au twaacha vidaraja, mm 8 upana na mm 3 unene, vinne kwa kipande, tusiviweke penye tundu wala penye pembe kwa sababu wakati wa kuvikata kwa patasi utabandua uso.


#13 · Mleta uzi · Dar es Salaam

Waalaikum salaam. Nakubali kila neno, na utaratibu wa kukata nauandika juu ya mpangilio wenyewe, namba 1, 2, 3 kwenye kila kipande, maana programu ikiachiwa yenyewe inachagua njia fupi ya kutembea na siyo njia salama.

Kwenye biti niongeze hapo. Biti ya kuvuta juu inapasua uso wa juu, ya kusukuma chini inapasua wa chini, kwa plaiwudi natumia ile ya mchanganyiko ambayo ncha yake inavuta juu na shina linasukuma chini, nyuso zote zinatoka safi. Ila hiyo mzamo wa kwanza lazima uzame kupita ile sehemu ya ncha, ukianza na mm 3 ni kama unatumia ya kuvuta juu tu na uso utachanika. Umeme nao ukikatika katikati ya bodi msiiguse bodi wala msiondoe skrubu. Sifuri yangu nimeitoboa kwenye meza ya mashine, kitundu cha mm 6 kwenye kona, umeme ukirudi narudisha biti kwenye kitundu kile na kuendelea kutoka kipande kilichokatika.


#14 · Morogoro

Wakuu mimi ni mgeni kwenye CNC, nakodi mashine kwa mtu kwa saa. Nina kabati la nguo la mteja, urefu 2400, kina 600, milango mitatu. Ubavu wa kabati ni mbili na vigawanyo viwili, jumla vipande vinne vya 2400 x 600. Nimepanga kimoja kimoja kwa bodi, bodi nne, na pembeni nimeweka rafu. Nimefuata ushauri wa kuchanganya. Kuna kitu nimekosea?


#15 · Mleta uzi · Dar es Salaam

Hujakosea mkuu, umechanganya vizuri. Ila soma tena ile namba, 600. Mbili zikiwa 590 zinalala pamoja, 590 + 10 + 590 = 1190, na 2400 inaingia ndani ya 2410. Vipande vinne ni bodi mbili kamili, nyuzi zinasimama kama zinavyotakiwa. Rafu zitakwenda bodi yake ya tatu kwa nafasi nzuri, piga hesabu uone kama hazizidi. Henga ya nguo ni kama mm 450, kina cha 590 ukitoa mgongo wa mm 6 bado kinatosha kabisa na mlango unafunga. Muulize mteja kama kuna ukuta au nguzo inayolazimisha 600, kama hakuna mwombe.

Na kwa kuwa unakodi kwa saa, bodi chache maana yake pia kufunga na kufungua skrubu mara chache, na huo muda unalipia.


#16 · Morogoro

Nimempigia sasa hivi. Amesema hata 580 sawa, alichotaka ni koti la mume wake lisikunjane. Napanga upya usiku huu kwa 590, kesho nakuja na kipande cha majaribio kwanza kama ulivyosema. Bodi zangu nimepima ni 17.5 tatu na 17.9 moja, hiyo ya 17.9 nimeitenga iwe ya rafu tupu zinazokaa juu ya vishikio, hazina ulimi.